Futi yangu ilijua kabla ya zahanati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni fundi cherehani, fremu yangu iko Tandika, na kazi hii naifanya mwaka wa 31 sasa. Gazeti nanunua, nasoma, halafu karatasi zake nazichorea mikono na kola za nguo za watoto kabla sijagusa kitambaa cha mtu. Kuandika barua ya kuchapishwa ndiyo mara yangu ya kwanza, kwa hiyo mkiona nimezunguka mnivumilie.

Mwezi wa tatu mama watoto aliniletea gauni lake la kitenge nilibane kiunoni. Nikazungusha futi, nikakuta inchi mbili zimeondoka. Nikamtania kwamba anarudia umbo la bi harusi, akacheka, nikabana. Haukupita mwezi akalirudisha gauni lilelile, na safari hii ilikuwa inchi moja na nusu. Mteja akipungua namna hiyo bila kujinyima huwa namuuliza kama yuko salama. Mke wangu sikumuuliza. Hilo ni kosa langu na simsukumii mtu.

Dalili nyingine zilikuwepo, tena ndani ya nyumba. Jagi la maji lilihamia kando ya kitanda, usiku linakwisha. Alikuwa anaamka kwenda chooni mara nne, mara tano, na choo chetu ni cha nje, kwa hiyo kila akitoka mlango unanipa taarifa. Yeye ndiye anayenisaidia kushona vifungo na kupinda pindo kwa mkono, akaanza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, anasema anaona ukungu. Bibi mmoja jirani aliyeona sisimizi wamejaa pale chooni akasema, "Mwangalieni sukari huyo." Tukamwona bibi wa watu anazeeka vibaya.

Tukaenda zahanati ya mtaani. Ni ya mtu binafsi, iko jirani na fremu yangu, inafungua mpaka saa tano usiku. Sitaitaja jina. Na kabla sijalalamika niwatendee haki: miaka miwili iliyopita sindano ya cherehani iliingia kwenye kidole changu cha shahada ikakatikia humo. Walinitolea pale pale, wakanisafisha, wakaniuliza habari za pepopunda, na kwa vile sikuwa na hela ya kutosha wakanikopesha mpaka Jumamosi. Sina chuki na watu wale, ndiyo maana tulikwenda kwao bila wasiwasi.

Kijana aliyevaa koti jeupe akamuuliza mama watoto anasumbuliwa na nini. Akaanza kueleza: nachoka, nina kiu, naenda haja ndogo sana. Alipotaja haja ndogo, kalamu ilikuwa imeshafika kwenye karatasi. Malaria, taifodi, mkojo. Presha hakupimwa. Uzito hakupimwa, ingawa mizani ipo pembeni ya mlango, juu yake wameweka boksi la glavu. Angepandishwa pale na kuulizwa zamani alikuwa na kilo ngapi, habari ya gauni ingejitokeza yenyewe.

Majibu yakaja baada ya dakika 20. Malaria hakuna. Taifodi "imeanza", UTI "ipo". Akaandikiwa sindano za seftriaksoni, dawa ya kuua vijidudu, siku tano. Ukiwa mkazi wa Dar es Salaam, Mhariri, majibu hayo unayajua kwa moyo. Ni nani katika mji huu hajawahi kuambiwa ana taifodi na UTI? Kwenye fremu yangu nimewauliza wateja hivi hivi kwa maongezi, na kila mmoja ana kisa chake. Mmoja aliambiwa hivyo wakati ana ujauzito wa miezi miwili na ndio uliokuwa unamtapisha.

Wiki tatu baadaye tukarudi. Sasa ikawa "UTI sugu". Sindano za jenta (jentamisini), nayo ya kuua vijidudu, siku tano, na vidonge. Hali ikazidi kudorora. Mara ya tatu nilimpeleka akiwa anatapika, miguu haina nguvu, na pale wakaamua atundikiwe dripu ya kumwongezea nguvu. Chupa mbili. Nilikaa naye pembeni nikimpepea na bahasha, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikasoma maandishi kwenye chupa: Dextrose 5%. Neno hilo halikuniambia kitu. Leo najua kwamba dextrose ni sukari, na kwamba chupa ya nusu lita kama ile ina gramu 25. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama sukari inavyodondoka tone kwa tone kwenye mshipa wa mtu ambaye sukari ndiyo inayomuua, na nilikuwa nimeilipia.

Usiku ule akaanza kupumua kwa nguvu kama aliyepanda ngazi, na maneno yake hayakufuatana. Saa kumi alfajiri tukapata bajaji mpaka hospitali ya rufaa. Nesi wa mapokezi, mama mtu mzima, hakuandika kitu kwanza. Alimtazama, akamnusa pumzi, akachukua kidole chake akachoma, akaweka tone la damu kwenye kijiti. Kimashine kikaandika herufi mbili tu: HI. Mimi nilidhani kinatusalimia. Nesi akanieleza bila kunicheka kwamba ni alama ya sukari kupita mwisho wa uwezo wa kupimika, na kwa vipimo vile mwisho huo ni 33 (ni milimoli za sukari kwa lita ya damu). Kwa mtu ambaye hajala, ikifika 7 tayari ni kisukari. Ikipimwa saa yoyote, 11 na kitu kwa mtu mwenye dalili inatosha kusema. Sisi tulikuwa tumepita 33, na mkononi nina karatasi ya UTI.

Akawekewa maji ya chumvi, akachomwa insulini, akalazwa siku sita. Yuko hai, anahudhuria kliniki ya kisukari, anameza metifomini asubuhi na jioni, na ugali wake sasa unapimwa kwa ngumi. Daktari wa wodini alinifafanulia jambo moja nami nalirudia hapa ili nisionekane natia chumvi: dripu haikuleta ugonjwa. Ugonjwa ulikuwepo miezi, pengine miaka. Dripu ilimwongezea mzigo punda aliyekwisha anguka. Kilichotugharimu zaidi ni zile wiki tulizopewa jina la ugonjwa mwingine tukatulia.

Nimepiga hesabu, maana fundi asiyeweka hesabu hula mtaji. Safari ya kwanza: kumwona daktari 5,000, vipimo 13,000, sindano tano kwa 8,000 kila moja. Jumla 58,000. Safari ya pili 48,000. Ya tatu, pamoja na zile chupa, 40,000. Zote ni shilingi 146,000. Kuchomwa kidole na kupimwa sukari kwenye duka la dawa la mtaa wa pili ni 3,000. Muuzaji aliniambia hata kungoja hakuna.

Nina mpwa wangu wa kike, ni mtaalamu wa maabara mkoani. Nilimpigia simu nikamsomea ile karatasi ya kwanza, jibu la kipimo cha taifodi: Widal 1:80. Akaguna. Akanieleza kwamba kipimo hicho kimekuwepo tangu mwaka 1896 na hakitafuti kijidudu chenyewe, kinatafuta askari ambao mwili uliwatuma kupambana nacho. Askari hao wanaweza kuwa wamebaki tangu ugonjwa wa zamani, au walitumwa kwa adui mwingine anayefanana. Kwa mji kama wetu, jibu moja la namna hiyo halitoshi kumhukumu mtu kwamba ana taifodi leo. Jibu la kuaminika ni kuotesha damu, kazi ya siku kadhaa, na zahanati nyingi hazina uwezo huo. "Mjomba," akaniambia, "kwa kipimo hicho simamisha daladala yoyote ya Tandika, teremsha abiria, utapata wa kuwachoma sindano." Na ule mkojo? Akaniuliza kama walichovya kijiti chenye rangi rangi. Nikamwambia sikuona, waliangalia kwa hadubini. Akasema kijiti kile kina kidoto cha sukari pia. Wangekichovya, kingebadilika rangi mbele ya macho yao.

Seftriaksoni nayo si dawa ya kugawa kama peremende. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa zinazotakiwa kutumiwa kwa uangalizi kwa sababu vijidudu vinaizoea. Wizara ina jina kabisa la janga hilo, UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na mabango yake nimeyaona hospitalini. Siku mke wangu atakapohitaji sindano ile kwa ugonjwa wa kweli, na wagonjwa wa kisukari hupata vidonda, sijui itafanya kazi au itakuta wenyeji wameshamzoea mgeni. Na sisi wagonjwa tuna letu hapa. Ukipewa ushauri bila sindano unaondoka ukisema umedharauliwa.

Alipotoka hospitalini nilikwenda kuzungumza na zahanati. Sikwenda kugombana. Nilichukua zile karatasi na cheti cha kuruhusiwa, nikamsubiri mmiliki mpaka magharibi. Nikamwuliza swali moja: mtu akisema ana kiu, anakojoa sana na anakonda, kwa nini asichomwe kidole? Akanijibu kwamba siku ile vijiti vya kupimia sukari vilikuwa vimekwisha. Nikasema sawa, vikiisha si mnamwandikia aende kwingine? Hapo kijana mwenye koti akadakia: "Mzee, wewe shona nguo, matibabu tuachie wenyewe."

Maneno hayo nimeyalala nayo usiku mwingi, na ndiyo yaliyonifanya nikuandikie. Maana, Mhariri, lile koti alilovaa nimelishona mimi. Yapo mawili, nilipeleka mwaka juzi, tetroni nyeupe, vifungo vitano, mifuko mitatu, 25,000 kila moja. Walipoagiza sikuulizwa chochote nami sikuwauliza wavaaji ni kina nani. Hakuna fundi anayeuliza. Ukinilipa nakushonea, na ukilivaa mtaa mzima unakuita dokta. Pale ndani kuna mtu wa mapokezi, yuko wa maabara, yuko nesi, yuko tabibu, na wote kwetu ni dokta. Mpaka leo simjui yule kijana ni nani kati yao.

Sisemi zahanati lazima iwe na daktari bingwa. Tabibu kwa mafunzo yake anatosha kuongoza zahanati, na aliyemwokoa mke wangu ni nesi mwenye kimashine cha ukubwa wa simu ndogo. Ninachosema ni kwamba mimi, mshona nguo, sithubutu kuingiza mkasi kwenye kitenge cha 20,000 kabla sijazungusha futi. Nikikosea, nanunua kingine. Vipi mtu achomwe sindano kumi na kutundikiwa chupa mbili, na katika safari zote tatu asipandishwe kwenye mizani hata mara moja?

Wakubwa wa rika langu wanakumbuka kwamba mwaka 1977 matibabu ya kibiashara yalipigwa marufuku nchini, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1991. Siombi turudi kule. Foleni za wakati ule nazijua, nimezipanga na mama yangu. Zahanati binafsi zimetusogezea huduma mpaka mlangoni, na saa nne usiku mtoto akichemka homa ndizo zinazofungua. Lakini biashara ya afya ina ugonjwa wake: kinacholipa ni kuandika vipimo na sindano. Kumsikiliza mtu dakika kumi hakuna bei kwenye ubao wao. Sasa sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023. Kila mtu akiwa na kadi, zile taifodi za kubuni tutazilipia wote kwa pamoja, hata sisi tulio wazima.

Wanaohusika na ukaguzi nawaomba jambo dogo. Najua kwamba tangu mwaka 2015 vituo vya ngazi ya msingi vinapimwa na kupewa nyota, sifuri mpaka tano, vya umma na vya binafsi. Vizuri. Siku wakija, pamoja na kuangalia choo na ubao wa bei, wafungue lile daftari kubwa la wagonjwa wasome safu ya ugonjwa kurasa kumi mfululizo. Wakikuta mtaa mzima una UTI na taifodi, mzee na kijana, mwenye kichwa na mwenye tumbo, hawahitaji kipimo kingine. Kisha wahesabu ni wangapi waliopimwa presha, na wangapi wenye zaidi ya miaka 40 waliopimwa sukari. Pale kliniki ya kisukari mhudumu alitufundisha kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapima watu wa miaka 25 hadi 64, ukakuta kama 9 kati ya kila 100 wana kisukari, na kama 26 wana presha ya juu. Sasa daftari la miezi mitatu la zahanati yenye wagonjwa tele likikosa hata mgonjwa mmoja wa sukari, wako wapi?

Jambo la pili ni karatasi. Sisi tulipewa vikaratasi vilivyochanwa kwenye daftari la mazoezi, bila jina la kituo, bila muhuri, bila jina la aliyeandika. Ile ya dripu hatukupewa kabisa. Hospitali ya rufaa waliponiuliza amekwishatumia dawa gani, nilijibu "sindano nyeupe ya unga, na nyingine ya maji". Aibu yangu, na hatari yake. Kila anayetibiwa aondoke na maandishi yanayosomeka: amepimwa nini, kimeonekana nini, amepewa nini, na nani. Mtu mwenye malalamiko anaelekezwa kwa mganga mkuu wa manispaa, na kama aliyemtibu ni daktari lipo Baraza la Madaktari Tanganyika. Ataanzia wapi bila hata jina la mtu? Sanduku la maoni pale zahanati lipo, kufuli lake lina kutu mpaka tundu la ufunguo halionekani.

Nimeambiwa na rafiki zangu wa kijiweni kwamba barua hii itaniponza, kwamba nitakosa wateja na siku nikiugua usiku sitafunguliwa. Sidhani. Na yule mmiliki, pamoja na yote, hatukufika mahali pa kukatiana biashara. Mwezi uliopita alimtuma kijana wa mapokezi na mita za tetroni, wanataka makoti mengine mawili. Vijiti vya sukari ameshanunua, aliniambia mwenyewe tulipokutana msikitini, na boksi la glavu limetolewa juu ya mizani. Nilipita kuhakikisha.

Makoti yamekwisha, yananing'inia hapa fremuni nyuma yangu ninapoandika. Juu ya mfuko wa kifuani nimeacha sehemu wazi, inchi nne kwa moja na nusu, ya kudarizi jina na cheo. Uzi wa bluu ninao. Wakija kuyachukua nitawauliza niandike nini.

Fundi cherehani,
Tandika, Dar es Salaam
(Jina langu na namba ya simu nimeviandika nyuma ya bahasha kwa ajili ya Mhariri peke yake.)